Kocha afukuzwe katikati ya msimu? Kwanza komite ijibu maswali matatu

Kila mwaka, timu inapopoteza mechi tatu mfululizo, kelele ni ile ile: kocha aende. Inasikika Dar es Salaam, Lubumbashi na Kinshasa. Inasikika vilevile Bunia, Mongbwalu na Kilo, ambako timu ndogo zinaishi kwa michango ya wachimbaji wa zahabu, wachuuzi wa soko na motari. Komite inakutana usiku, na asubuhi kocha anaambiwa achukue vitu vyake. Wapenzi wa timu wanapiga makofi. Wiki mbili baadaye timu inapoteza tena, na hakuna anayeuliza ni nani aliyemleta yule aliyefukuzwa.

Kumfukuza kocha katikati ya msimu si kosa kila mara. Kuna timu zilizofanya hivyo zikainua kombe. Lakini mara nyingi ni njia ya wakubwa wa timu kujificha nyuma ya mtu mmoja. Kocha hakusanyi michango, halipi prime za mechi, hatengenezi kiwanja, na mara nyingi hata wachezaji hakuwachagua yeye. Ndiyo maana kabla ya kumfungulia mlango atoke, komite inapaswa kujibu maswali matatu mbele ya watu wake: tatizo liko kwenye benchi au liko ofisini? Nani atakuja baada yake, na amekwisha kupatikana? Feza za kuvunja mkataba zitatoka wapi? Komite isiyoweza kujibu yote matatu imwache kocha amalize msimu.

Mfano unaojulikana vizuri na wapenzi wa mpira wa mashariki ya Kongo ni wa Simba ya Dar es Salaam. Tarehe 5 Novemba 2023, Simba ilipigwa na Yanga mabao 5 kwa 1 katika uwanja wa Benjamin Mkapa. Siku ile ilikuwa chungu kwa Simba, na tamu kwa Wakongomani wengi, kwa sababu Maxi Nzengeli, kijana aliyetoka Maniema Union ya Kindu, alikuwa kati ya waliofunga. Siku mbili baadaye kocha wa Simba, Mbrazili Roberto Oliveira anayeitwa Robertinho, alikuwa amekwisha kuondolewa.

Robertinho huyo huyo, mwezi wa Agosti mwaka ule, alikuwa ameshinda Ngao ya Jamii mbele ya Yanga ile ile, kwa penalti. Miezi michache kabla ya hapo alikuwa ameifikisha Simba robo fainali ya Ligi ya Mabingwa wa Afrika, akatolewa na Wydad ya Morocco, tena kwa penalti. Katika mwezi wa Oktoba, timu yake ilitoka sare mara mbili na Al Ahly ya Misri, klabu yenye makombe mengi kuliko zote Afrika. Halafu dakika 90 zikafuta yote.

Nani alikuja? Simba ilimchukua Abdelhak Benchikha wa Algeria, mtu mwenye jina kubwa, ambaye mwaka ule ule wa 2023 alikuwa ametwaa Kombe la Shirikisho na USM Alger kwa kuifunga Yanga katika fainali. Kwa karatasi, hakuna aliyeweza kusema komite imechagua vibaya. Lakini mwezi wa Aprili 2024 Simba ilipigwa tena na Yanga, 2 kwa 1, na kabla mwezi haujaisha Benchikha naye alikuwa ameondoka. Juma Mgunda, mtoto wa nyumbani, akaitwa kumalizia kazi. Simba ilimaliza ligi katika nafasi ya tatu, ikiwa na pointi sawa na Azam lakini nyuma yake kwa tofauti ya mabao, na mwaka uliofuata haikucheza Ligi ya Mabingwa. Makocha watatu katika msimu mmoja, na mahali pa kwenda palikuwa chini kuliko pale walipoanzia.

Mwaka uliofuata Simba ile ile ilitoa somo la upande wa pili. Ilimleta Fadlu Davids wa Afrika Kusini na kundi la wachezaji wapya. Mwezi wa Agosti 2024 alifungwa na Yanga katika Ngao ya Jamii. Mwezi wa Oktoba alifungwa na Yanga tena, katika ligi. Kama kipimo kingekuwa kile cha Novemba 2023, basi naye angepanda ndege ya kurudi kwao. Safari hii viongozi walivumilia. Mwezi wa Mei 2025 Simba ilikuwa katika fainali ya Kombe la Shirikisho la Afrika, ikiwa na Mkongomani Elie Mpanzu katika safu ya mbele. Haikutwaa kombe: ilipoteza 2 kwa 0 kule Berkane na kutoka sare 1 kwa 1 Zanzibar. Lakini ilifika mahali ambapo msimu wa makocha watatu haungeweza kuifikisha.

Mtu anaweza kusema huo ni mfano wa timu moja tu. Ni kweli, na ndiyo maana inafaa kuangalia hesabu za timu nyingi. Mchumi wa Uholanzi, Bas ter Weel, alichunguza ligi ya kwanza ya nchi yake kuanzia mwaka 1986 hadi 2004, na kazi yake ilitoka mwaka 2011. Aliona kwamba timu zilizofukuza kocha katikati ya matokeo mabaya kweli zilianza kupata nafuu. Hapo ndipo wakubwa wengi wa timu wanaishia: walifukuza, timu ikapona, basi kufukuza ni dawa. Yeye aliendelea. Alitafuta timu zilizokuwa na matokeo mabaya namna ile ile lakini zikabaki na kocha wao. Nazo zilipona, karibu kwa mwendo uleule.

Sababu yake si uchawi. Timu inapopoteza mechi tano, kuna udhaifu wake, lakini ndani yake kuna pia bahati mbaya: mpira uliogonga mwamba, mlinzi mkuu aliyeumia, penalti ambayo mwamuzi hakuiona, mechi tatu ngumu zilizofuatana. Bahati mbaya haidumu. Aliyeumia anarudi, ratiba inalegea, mpira unaingia. Kama siku ile kocha mpya yuko kwenye benchi, sifa ni zake. Kama yule wa zamani bado yuko, watu wanasema amejirekebisha. Ni kama mgonjwa wa mafua aliyekunywa majani ya kila aina: siku ya saba anapona, naye anasifu jani la mwisho.

Sasa upande wa pili usikilizwe bila kuufinya. Kuna mifano mikubwa ya mabadiliko yaliyoleta furaha, na mmoja uko hapa nyumbani. Mwaka 2010, katikati ya kampeni ya Afrika, TP Mazembe iliachana na Diego Garzitto, kocha aliyekuwa ameipa Ligi ya Mabingwa mwaka 2009. Msenegali Lamine N'Diaye alichukua kiti. Mazembe ilitwaa kombe lile tena, baada ya kuipiga Espérance ya Tunis mabao 5 kwa 0 katika fainali ya kwanza kule Lubumbashi. Mwezi wa Desemba, kule Abu Dhabi, iliifunga Internacional ya Brazil 2 kwa 0 na kuwa klabu ya kwanza ya Afrika kucheza fainali ya Kombe la Dunia la Vilabu, kabla ya kufungwa na Inter Milan.

Mfano wa pili unauma zaidi. Mwezi wa Januari 2024, Côte d'Ivoire ilipigwa nyumbani kwake 4 kwa 0 na Guinea ya Ikweta katika Kombe la Mataifa ya Afrika. Kocha Jean-Louis Gasset aliondoka kabla hata haijajulikana kama timu imepita kwenye makundi. Msaidizi wake, Emerse Faé, akashika usukani. Wiki mbili baadaye timu hiyo iliwatoa Leopards wa Kongo katika nusu fainali kwa bao moja la Sébastien Haller, kisha ikatwaa kombe.

Na Yanga yenyewe, mwezi wa Novemba 2024, ilimwondoa Miguel Gamondi baada ya kufungwa na Azam na Tabora United ndani ya siku chache, ingawa ndiye aliyeipa ubingwa msimu uliotangulia. Sead Ramović alikuja, na mwezi wa Februari akaondoka kwenda Algeria. Miloud Hamdi akaendelea. Makocha watatu, na Yanga bado ikawa bingwa wa Tanzania mwaka 2025.

Je, mifano hii mitatu inavunja hoja? Inaisaidia, ukiiangalia karibu. Mazembe ya 2010 ilikuwa na Robert Kidiaba golini na wachezaji ambao mwaka mmoja nyuma walikuwa mabingwa wa Afrika. Nyumba ilikuwa imejengwa, dereva ndiye aliyebadilishwa. Côte d'Ivoire ilikuwa na wachezaji wa klabu kubwa za Ulaya, na aliyechukua kiti alikuwa tayari ndani ya chumba, anajua nani amechoka na nani ana hasira. Yanga ilikuwa na kikosi chenye nguvu kuliko wengine wote katika ligi yake, na siku ile ile Gamondi alipotangazwa kuondoka, aliyemfuata alitangazwa pia. Hata hivyo haikupona kila mahali: katika Ligi ya Mabingwa ilishindwa kutoka kwenye kundi lake, na mechi ya kwanza ya Ramović ilikuwa kipigo cha 2 kwa 0 kutoka Al Hilal ya Sudan, iliyofundishwa na Mkongomani Florent Ibenge.

Kwa hiyo mabadiliko ya katikati ya msimu yanafaa pale ambapo vitu vitatu viko pamoja: wachezaji wazuri wapo, feza zinalipwa, na mrithi anajulikana. Timu yenye hivyo vyote ikipoteza ovyo, kuna haki ya kuuliza kama kocha ndiye mzigo. Timu isiyo na hata kimoja ikimfukuza kocha, inabadilisha mpishi huku gunia la unga liko tupu.

Hapa ndipo mpira wa Ituri unapoingia, na ndipo wakaaji wa Kilo wanaelewa haraka kuliko wengine. Katika eneo la zahabu kila mtu anajua kwamba shimo linaweza kukaa wiki nyingi bila kutoa kitu. Mwenye shimo mwenye akili hamrukii anayeongoza wachimbaji siku ya kwanza. Anauliza: mashine ya kuvuta maji inafanya kazi? Mbao za kushikilia ukuta zimeletwa? Watu wamekula? Na swali kubwa kuliko yote: mahali hapa pana zahabu kweli, au mimi mwenyewe ndiye niliyechagua mahali pabaya? Akibadilisha kiongozi wa wachimbaji bila kujibu hayo, anapata kiongozi mpya katika shimo lile lile lenye maji.

Timu nyingi za jimbo hili ziko katika shimo lenye maji. Tangu Mei 2021 Ituri imewekwa chini ya utawala wa kijeshi kwa sababu ya vita. Kuna barabara ambazo timu haiwezi kupita kwa amani kwenda kucheza ugenini. Kuna vijana waliokimbia vijiji vyao vya Djugu na Irumu, leo wanalala kwa ndugu, kesho wanatafuta kazi ya siku. Mchezaji anayetoka shimoni saa tisa na kufika mazoezini saa kumi hana mguu wa kukimbia dakika 90, hata kocha wake angetoka Barcelona. Kocha wa timu ya namna hii anafundisha kumi na wawili Jumatatu, saba Jumatano, na Jumapili anapewa majina ya watu ambao hajawahi kuwaona, kwa sababu mkubwa fulani amesema mtoto wake acheze.

Kocha huyo anapopoteza mechi nne, kumfukuza ni rahisi, tena ni bure machoni pa komite, kwa sababu mara nyingi hana hata karatasi ya mkataba. Lakini si bure. Anayekuja anaanza upya: mazoezi mapya, namna mpya ya kucheza, wachezaji wapya anaowapenda yeye. Vijana waliokuwa wameanza kuelewana wanavunjwa. Na makocha wengine wa mji wanaona. Mwaka ujao, yule mwenye ujuzi ataikataa timu ile, na komite itabaki na yule asiye na pengine pa kwenda.

Kwa klabu kubwa bei ni nzito zaidi. Tangu tarehe 1 Januari 2021, kanuni za FIFA zina sehemu yao kwa mikataba ya makocha. Klabu ikivunja bila sababu halali mkataba wa kocha wa kigeni, kocha anaweza kudai mishahara ya muda uliobaki, na hesabu inapungua tu akipata kazi nyingine. Uamuzi ukitoka na klabu isipolipa ndani ya siku 45, inaweza kuzuiwa kuandikisha wachezaji wapya hata kwa madirisha matatu ya usajili. Maana yake, hasira ya usiku mmoja inaweza kuifunga timu mikono kwa mwaka na nusu. Feza ambazo zingenunua mshambuliaji zinamlipa mtu anayekaa nyumbani kwake akiangalia mechi kwenye televizioni.

Wapenzi wa timu wana haki yao katika mambo haya, na haifai kuwaambia wanyamaze. Wao ndio wanaotoa franka mlangoni, ndio wanaotembea kilomita nyingi kwenda kiwanjani, ndio wanaochekwa sokoni Jumatatu asubuhi. Hoja yao ina uzito: pointi zilizopotea hazirudi, na timu iliyoshuka daraja inaweza kukaa miaka bila kupanda. Kungoja mpaka mwisho wa msimu kunaweza kuwa kuchelewa. Lakini hasira yao inastahili jibu la kweli. Kuwatolea kichwa cha kocha ili watulie wiki mbili ni kuwadanganya. Wapenzi wenye akili wangeuliza pia: wachezaji walilipwa lini mara ya mwisho? Nani alisaini wale watatu wasiojua kupiga pasi? Kwa nini rais wa timu anaonekana siku ya ushindi tu?

Kuna pia kocha ambaye hapaswi kungojwa hata siku moja. Anayeuza mechi, anayekula feza za wachezaji, anayempiga au kumnyanyasa kijana, anayekuja mazoezini amelewa: huyo aende leo, hata kama timu yake inaongoza ligi. Hapo hakuna hesabu ya pointi. Na kocha ambaye wachezaji wote wamemgeuzia mgongo, si wawili wenye kinyongo bali chumba kizima, naye hana njia tena. Lakini komite iende iwasikilize wachezaji wenyewe, mmoja mmoja, isitegemee maneno ya kahodha anayetaka kaka yake apewe kazi.

Kwa timu zilizobaki, ambazo tatizo lake ni matokeo tu, kuna kazi ya kufanya kabla ya kufukuza. Mwanzoni mwa msimu, kocha na komite waandike kwenye karatasi moja kinachotakiwa: nafasi gani, vijana wangapi wapandishwe, na komite kwa upande wake italeta nini na lini. Katikati ya mashindano, mechi zikifika nusu, wakae na kusoma karatasi ile pamoja. Kama kocha hakutimiza yake wakati komite imetimiza yake yote, basi wana sababu ya kuachana, kwa heshima na kwa malipo. Kama komite ndiyo haikutimiza, basi ijirekebishe kwanza. Njia hii haihitaji feza. Inahitaji wakubwa wanaokubali kuandikwa nao.

Wakongomani wana ushahidi wa karibu wa faida ya kuvumilia. Tarehe 9 Septemba 2025, katika uwanja wa Martyrs wa Kinshasa, Leopards waliongoza Senegal 2 kwa 0 katika safari ya kwenda Kombe la Dunia, kisha wakapoteza 3 kwa 2 na kuacha nafasi ya kwanza ya kundi iende. Usiku ule haikuwa vigumu kupata mtu wa kusema kwamba Sébastien Desabre, aliye kwenye kiti tangu Agosti 2022, amefika mwisho. Watu walisahau kwamba aliikuta timu imefungwa mechi zake mbili za kwanza za kutafuta Kombe la Afrika, akaifikisha nusu fainali. Hakufukuzwa. Mwezi wa Novemba, kule Morocco, timu ile ile, na kocha yule yule, iliitoa Cameroon kwa bao la Chancel Mbemba katika dakika za mwisho, na siku tatu baadaye ikaitoa Nigeria kwa penalti.

Kama shirikisho lingesikiliza kelele za Septemba, kocha mgeni angepewa miezi miwili kujua majina ya wachezaji wake kabla ya kukutana na Cameroon. Leopards walikwenda Rabat na mtu aliyewajua. Hilo ndilo swali ambalo kila komite, kubwa au ndogo, inapaswa kujiuliza usiku ule wa hasira, kabla ya kuandika barua: kesho asubuhi, nani katika timu hii atawajua vijana hawa kuliko huyu anayefukuzwa?